Nyuma ya Hekalu

Baba yake Sabina alikuwa na mazoea ya kumpanga binti yake kama anavyopanga vyombo mezani, na mchana ule alimpanga kwenye hekalu la mapambo alilojengesha mbele ya nyumba.

"Nenda ukakae pale kati ya nguzo, mwanangu," alisema, huku ameinamia darubini yake ya shaba iliyosimama kwa miguu mitatu mbele ya dirisha la sebule. "Na nguo hiyohiyo nyeupe. Jiwe ni la kijivu, miti imekolea kijani. Panakosa kitu cheupe."

"Wapo kondoo, Baba."

"Kondoo hawakai wanapowekwa."

Shangazi Drusilla, dada yake baba, aliyekuwa akidarizi karibu na moto, alicheka puani. "Huyu naye hakai. Mwambie achukue shali, kuna upepo."

Bwana Fulke Denning alisimama kando ya dirisha na kikombe cha chai kilichoonekana kidogo mno kwa mkono wake. Alikuwa jirani yao, mtu mpana, mwenye uso mwekundu wa kupanda farasi kwenye baridi, na ardhi yake ilipakana na yao upande wote wa mto. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomchosha Sabina. Angekuwa mbaya, angemchukia na mambo yakaisha.

"Mimi ningeweka ng'ombe," alisema Bwana Denning. "Ng'ombe wawili wekundu. Bila kumkosea heshima Bi Sabina."

"Hujanikosea, Bwana Denning. Ng'ombe wana sura nzuri kuliko watu wengi."

"Hasa wakishiba," akakubali, kwa moyo mweupe kabisa.

Kila mtu pale nyumbani Thornley alijua maana ya mchana ule. Jioni, nyama ikishaondolewa na matunda kuletwa mezani, baba yake Sabina, Bwana Everard Harcombe, angesimama na glasi yake kulizindua hekalu lake jipya, na kwa pumzi hiyohiyo angetangaza kwamba amempa Bwana Denning mkono wa binti yake. Kabla ya hapo alitaka mkwe wake amtazame bibi harusi kwa mbali, katikati ya miti na nguzo, kama yeye mwenyewe alivyozoea kutazama picha alizonunua Roma enzi za ujana wake. Sabina alikuwa amesema hapana tangu Krismasi. Kila aliposema, baba alimbusu kwenye paji la uso kana kwamba mtoto amepiga chafya.

Alichukua shali, akatoka. Hakubisha, kwa sababu moja tu. Gideon Tarrant alikuwa hukohuko hekaluni.

Njia ilikuwa ndefu kwa makusudi. Ukiwa dirishani ungeona nyasi zikitelemka moja kwa moja kutoka nyumbani hadi hekaluni, pasipo ua wala ukuta. Lakini katikati palikuwa na handaki. Lilichimbwa likajificha chini ya macho, likajengewa ukuta wa mawe upande wa nyumbani, ili mifugo isipande kuja kula maua, na mwenye mali asione kizuizi chochote anapotazama mali yake. Mgeni hakulijua mpaka afike ukingoni. Mwenyeji alizunguka kwa mazizini, penye lango dogo la chuma ambalo Shangazi Drusilla alisema litamwua kwa kelele, maana hakuna aliyekumbuka kulitia mafuta. Njia hiyo ya mazizini ndiyo iliyokwenda pia hadi barabara kuu. Handaki na hekalu, vyote viwili vilichorwa na Gideon.

Akiwa njiani Sabina alijaribu kuomba. Tangu Kwaresima alikuwa na ombi moja, asubuhi na usiku: Mungu aufungue mlango, au aiondoe hamu. Hakuufungua, wala hakuiondoa. Siku hizi alianza sala vizuri, ikafika mahali ikakwama, naye akainuka magotini bila kusema amina, kama mtu aliyeacha mazungumzo mlangoni.

Hekalu lilimngoja likiwa zuri kupita kiasi. Mbele lilikuwa na ngazi pana, nguzo nene za jiwe la kijivu, na sanamu ya mungu wa kike wa Kirumi ambaye mchungaji wa parokia aliomba, kwa adabu, avalishwe kidogo. Nyuma hapakuwa na kitu. Palikuwa na ukuta wa tofali tupu usiopigwa hata lipu, kwa kuwa hauonekani kutoka dirishani, na Bwana Everard hakuona sababu ya kupamba kisichotazamwa.

Gideon alikuwa ameegemea nguzo ya mwisho, ameshika uzi wa timazi, akiangalia kama jiwe limesimama wima. Aligeuka aliposikia viatu vyake. Macho yake yakawa yale ambayo Sabina alikuwa akiyaona gizani kila alipofumba yake.

"Usinitazame hivyo," alisema kabla hajamaliza ngazi. "Tunatazamwa."

"Na nani?"

"Baba, Shangazi na Bwana Denning. Kwa zamu. Endelea na kazi yako."

Gideon akaurudisha uso kwenye timazi. Sabina akaketi kwenye benchi la jiwe miguuni pa sanamu, akatandaza sketi yake, akaweka mikono mapajani. Kutoka nyumbani walionekana hivi: binti wa bwana amepumzika, na msanifu majengo anapima nguzo. Kuonekana, walionekana hadi vifungo. Kusikika, wasingesikika hata wangepiga mayowe.

"Umependeza," alisema Gideon, akiliambia jiwe.

"Nimewekwa nipendeze. Nimechukua nafasi ya kondoo."

Bega lake lilitikisika kwa kicheko, akakizuia. Sabina naye alitamani kucheka, kisha akatamani kulia, na vyote viwili vilikatazwa.

"Gideon, ni leo. Matunda yakifika mezani imekwisha."

"Najua."

"Unajua na unapima nguzo."

"Nguzo imeegemea."

"Iache iegemee. Mimi nimesimama wima tangu Krismasi na hakuna aliyekuja kunipima."

Upepo ulipita katikati yao, ukaupeleka uzi wa timazi mpaka karibu na mkono wa Sabina. Risasi ya timazi iliyoning'inia mwisho wake iligusa ukingo wa glavu, ikarudi. Wote wawili waliitazama. Ndicho kitu pekee kilichoruhusiwa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

"Naondoka alfajiri," alisema Gideon. "Nimepata kazi Ayalandi. Kuna bwana mmoja ana ziwa, anataka hekalu la duara."

Sabina alitaka kurusha kitu. Badala yake akatabasamu, kwa ajili ya dirisha, hadi mashavu yakamuuma.

"La duara," alisema.

"Ni kazi kubwa. Nikiimaliza nitakuwa na jina. Nitarudi nigonge mlango wa mbele kama mtu."

"Utagonga mlango wa Denning, uulize kama Bi Denning yupo."

"Sabina."

"Nao watakwambia yupo, ananyonyesha."

Uzi ulimponyoka mkononi. Akainama kuuokota na akakaa ameinama muda mrefu kuliko uzi ulivyohitaji.

"Unadhani mimi siumii?" aliiuliza sakafu.

"Sijui. Umenipa mgongo."

"Wewe ndiye uliyeniambia nikupe mgongo."

"Nimekuambia uendelee na kazi. Mgongo umeongeza mwenyewe."

Akainuka, akasogea nguzo ya pili, karibu naye zaidi. Sasa Sabina alimwona kwa ubavu: taya lililokazwa, vumbi la jiwe kwenye nyusi, mkono mpana wa kurithi kwa baba yake aliyekuwa mwashi huko Bath. Katika mkono huo Sabina alikuwa ameweka wake mara moja tu, walipovuka kijito wakati handaki linachimbwa, na moyoni mwake alikuwa bado hajauondoa.

"Siku ya kwanza nilipofika hapa," alisema Gideon kwa sauti ya chini, "baba yako alinikaribisha mezani. Akanimiminia divai mwenyewe. Akasema, 'Tarrant, una kipaji. Lakini mtoto wa mwashi hujenga mlango wa mbele, hapiti hapo.' Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayenionyesha pa kutundika kofia."

"Nawe ukaitundika."

"Nimekula mkate wake. Siwezi kumwibia mtu niliyekula mkate wake."

"Kuniiba? Mimi ni kijiko?" Tabasamu la Sabina lilikuwa bado mahali pake, limekauka kama ute wa yai usoni. "Nimetimiza umri, Gideon. Tangu Pasaka mchungaji anaweza kututangaza kanisani bila idhini ya Baba. Kila Jumapili akifungua kinywa kutangaza ndoa, nashika kiti kwa mikono miwili. Amemtangaza mfinyanzi na mchumba wake mjane. Amemtangaza mtunza mbwa wa Denning. Sisi tupo wapi?"

"Sikutaka utoke kwa mlango wa nyuma kama mke wa mtunza mbwa."

"Mke wa mtunza mbwa ana mume."

Gideon akaweka kiganja kwenye nguzo, na Sabina akaona vidole vyake vimekuwa vyeupe.

"Subira huvuta heri," alisema hatimaye, kwa unyonge wa mtu asiyeamini anachosema.

"Yangu imemvuta Denning."

Akasimama. Akajitengeneza shali polepole, kama mwanamke aliyehisi baridi kidogo, kwa sababu pale sebuleni pengine ilikuwa zamu ya Shangazi, na Shangazi alikuwa na jicho la mwewe.

"Nakwenda nyuma," alisema.

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ya hekalu, kwenye tofali. Ukinifuata, nyumba nzima itaona tumetoweka wawili, na utakuwa umemwomba Baba bila kufungua mdomo. Usiponifuata, nenda kajenge duara lako."

"Sabina, usinifanyie hivi. Jina lako litachafuka."

"Ni langu. Nitalifua mwenyewe."

Akapita mbele ya sanamu, akakunja kona, na Thornley yote ikapotea machoni pake.

Nyuma palikuwa na upupu, vipande vya mawe, na ndoo iliyosahauliwa na vibarua. Ukuta ulikuwa na chokaa iliyochuruzika kati ya tofali ikakauka hivyohivyo. Sabina akaegemea, akangoja. Alisikia buti za Gideon kwenye sakafu ya jiwe: zikaja, zikasimama, zikarudi. Akashika pumzi. Kisha buti zikashuka ngazi za mbele, zikaingia kwenye nyasi, kukawa kimya.

Alikuwa ameondoka.

Mwanzoni hakulia. Alikuwa na hasira safi, ile inayokausha macho. Alihesabu makosa yake yote, akakuta kubwa ni kumpenda mtu mwadilifu, kwa sababu mwadilifu anakuua kwa heshima zote. Halafu machozi yakaja, mengi, na akayaacha yaje. Hapa palikuwa mahali pekee Thornley ambapo uso wake haukuwa mali ya mtu.

"Bwana," alisema, paji la uso kwenye tofali. "Umeona mwenyewe. Nimebisha hodi mpaka mkono umechubuka. Kama hukutaka nimpate, mbona..."

Sala ikakwama palepale ilipozoea kukwama. Alingoja, haikuendelea. Akajifuta kwa ncha ya shali, akazunguka ukuta ili arudi kuwa picha.

Ndipo akamwona. Gideon hakuwa kwenye njia ya mazizini. Alikuwa katikati ya nyasi, kofia mkononi, akikata moja kwa moja kuelekea nyumbani. Alitembea kwa haraka ya mtu anayeogopa kubadili mawazo, kichwa juu, macho kwenye dirisha la sebule, mbele ya darubini na kila aliyekuwa nyuma yake. Alikuwa anakwenda mlango wa mbele.

Moyo wa Sabina uliruka. Kisha akakumbuka.

"Gideon, handaki," alisema, kwa sauti ambayo hata kondoo wa karibu hakuisikia.

Ardhi ikammeza. Kwanza miguu, kisha kiuno, kisha kile kichwa kilichokuwa juu. Nyasi zikabaki zimelala vizuri kama zilivyochorwa, na msanifu wake hayupo.

Sabina akashika sketi kwa mikono miwili, akakimbia. Binti wa Harcombe hakimbii, na nyumba nzima ilimwona akikimbia.

Alimkuta chini, ameukabili ukuta. Alikuwa akiruka, anashika majani ya ukingoni, majani yanang'oka, anateleza. Koti lake la heshima lilikuwa na tope kifuani. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeyaacha mawe na utelezi wa sabuni.

"Ulilichora wewe," alisema Sabina kutoka juu ya mteremko.

Gideon hakugeuka. "Nilichora ng'ombe wasipande."

"Basi limefanya kazi."

"Nilikuwa natazama dirisha." Akaruka tena, akashuka tena. "Nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nimeyapanga vizuri sana."

"Kwa nini hukuja nyuma nilipokuita?"

Ndipo akageuka. Alikuwa na majani kwenye nywele, na macho yake hayakuogopa darubini wala kitu kingine.

"Kwa sababu siwezi kukupendea nyuma ya ukuta," alisema. "Kama jina lako litachafuka, lichafuke mbele, pamoja na langu. Nilitaka kumwambia akiwa ananiona usoni. Nikaishia shimoni."

Sabina alimtazama. Hasira yake ilitafuta pa kukaa, ikakosa. Ilibaki ile nyingine, ya kuona kwamba kitu alichokiomba kwa machozi kilikuwa kimekuja hadi hapa, kikashindwa na ukuta wa kuzuia mifugo.

Akashuka kwenye mteremko. "Nipandishe."

"Sabina, wote wanatazama."

"Ndiyo. Nipandishe."

Akafumbata viganja. Sabina akaweka kiatu chake kwenye ile mikono ya mwashi, kisha goti begani, sketi ikimfunika Gideon kichwa kizima, na kwa namna ambayo hakufundishwa na mwalimu yeyote wa kucheza dansi akajitupa juu ya nyasi za baba yake. Akageuka kifudifudi, akanyoosha mkono chini. Gideon akaushika. Ulikuwa mkono wenye joto na tope, na haikuwa ndoto. Akavuta. Gideon alipanda kidogo, akashuka. Akavuta tena. Walishindwa, wakabaki wameshikana hivyo, wote wakihema.

Viatu vikasimama kando ya kichwa chake. Vilikuwa vya baba.

Nyuma yake alikuja Bwana Denning, na nyuma kabisa Shangazi Drusilla, ameshika kofia isipeperuke. Bwana Everard aliangalia mkono wa binti yake, akaufuata kwa macho hadi mwisho wake.

"Tarrant. Unafanya nini ndani ya handaki langu?"

"Nakuja kukuomba binti yako, bwana." Gideon hakuuachia mkono. "Nampenda. Nimekula mkate wako, kwa hiyo nimekuja kukuambia mwenyewe. Akinikubali, Jumapili nitakwenda kwa mchungaji, uridhie usiridhie. Lakini ningependa uridhie."

"Nami nimekwisha kumkubali," alisema Sabina, shavu kwenye nyasi. "Nilikuambia tangu Krismasi, Baba, ila hukunisikia. Leo umeniona?"

Baba yake hakumbusu kwenye paji la uso. Alikuwa mwekundu hadi chini ya wigi, na midomo yake ilikuwa inatafuta neno la kizamani la kuwatosha wote.

"Lango liko wapi?" aliuliza mwishowe.

"Kule mazizini, bwana."

"Nani aliliweka kule?"

"Mimi, bwana."

"Basi zunguka."

Akawapa mgongo, akarudi nyumbani. Gideon akaubana mkono wa Sabina mara moja, akauachia, akaanza kutembea ndani ya handaki kuelekea mazizini, mpaka pembe ya ukuta ikamficha.

Bwana Denning alikuwa bado amesimama. Alikitazama kikombe chake kitupu, alichokuwa amesahau kukiacha ndani.

"Amesema zunguka," alisema taratibu. "Hakusema ondoka. Ningekuwa mimi, Bi Sabina, ningeikamata hiyo. Ninyi mlipendeza kule kwenye nguzo. Nilipoona mnavyojitahidi kutotazamana, nilijua ng'ombe wasingesaidia."

"Nisamehe, Bwana Denning."

"Nitazoea," alisema, akaenda zake na kikombe chake.

"Ingia ndani, mtoto wewe," alisema Shangazi Drusilla. "Mvua hiyo inakuja. Nguo imekuwa ya kudekia."

"Nitaingia naye, Shangazi."

"Na akipita moja kwa moja hadi barabara kuu? Wanaume wameondoka kwa maneno machache kuliko hayo. Mimi nawajua."

Shangazi alisema hilo la mwisho kwa namna ambayo Sabina hakuwahi kuisikia kwake. Sabina akaketi kwenye nyasi ukingoni mwa handaki, akatazama vidole vyake. Tope lilikuwa limeanza kukauka. Hakulifuta.

Mvua ikaanza, nyembamba, ya kuudhi. Njia ya mazizini ilijificha nyuma ya miti, hakuona mtu. Alitazama nyumbani. Nyuma ya kioo cha sebule palikuwa na kivuli cha baba yake, ameinama, na shaba ya darubini ilikuwa ikisogea. Iliacha hekalu, ikapita nyasi, ikageuka polepole upande wa mazizini, ikatulia pale.

Naye alikuwa anangoja, basi.

Shangazi Drusilla akaketi kwenye nyasi zilizolowa kando ya mpwa wake, na nguo zake zote za hariri, akamfunika nusu ya shali yake. Wakakaa. Ilikuwa ndefu kweli ile njia. Gideon aliichora vibaya.

Kisha lango la chuma likalia, kelele yote ile mbaya, ya kutu tupu.

"Lisitiwe mafuta," alisema Shangazi.

Sabina alifumba macho, na ile sala iliyokuwa imesimama mlangoni tangu Kwaresima akaimalizia.

"Amina," alisema.